Mama Tele na Cheti cha Ulezi

Mtaa mzima ulimwita Mama Tele, kwa sababu ukipita mlangoni kwake asubuhi ulikuta viatu vidogo tele, mabegi tele na makelele tele. Watoto hawakuwa wake. Wake aliwazaa watatu, wakakua, wakaenda zao. Hawa walikuwa wa watu: wa mwalimu wa sekondari, wa muuza duka la dawa, wa dereva wa lori, wa mama mmoja mfanya usafi hospitalini aliyeondoka kwake kabla hakujapambazuka. Kwa miaka kumi na tisa wazazi walimwachia watoto kwenye sebule yake yenye mkeka mpana na kapu la midoli, wakarudi jioni kuwachukua, na hakuna aliyewahi kumuuliza amesomea wapi.

Swali hilo lilikuja kwa barua. Kila anayelea watoto wa watu nyumbani kwake, ilisema barua, apate cheti cha ulezi kabla ya mwaka kwisha, la sivyo afunge. Kutakuwa na kozi ya wiki kumi na sita, kila Jumamosi. Kutakuwa na jalada la kazi. Kutakuwa na ukaguzi nyumbani. Aliyeisoma kwa sauti ni mumewe, fundi saa ambaye alishastaafu lakini meza yake ya kazi bado ilikuwa pembeni mwa sebule, imezungushiwa wavu watoto wasiifikie. Lenzi yake ya kazi ilikuwa imebanwa jichoni.

"Nimelea watoto mpaka hesabu imenipotea," alisema Mama Tele. "Leo nikasomee kulea?"

"Barua ndivyo inavyosema, mama watoto."

"Aliyeiandika amelea wangapi?"

Fundi aliigeuza karatasi akatazama nyuma. "Hawajaandika," akasema.

Mama Tele alinuna siku tatu, ya nne akaenda kuchukua fomu, na keshokutwa yake akarudi kuiwasilisha. Hakuwa na wa kumwachia watoto wote, kwa hiyo wakubwa walibaki na Fundi, yeye akambeba mgongoni mtoto mchanga wa yule mfanya usafi, na mkononi akamshika Bosi. Bosi alikuwa msichana wa miaka minne, binti wa muuza dawa, na jina hilo alilipata kwa sababu aliwatuma wenzake kama wafanyakazi wake. Walisimama mbele ya dirisha namba tatu la ofisi iliyoandika barua mpaka miguu ikafa ganzi.

"Mama, fomu hii ni ya zamani," alisema karani, na kuirudisha bila kumtazama.

"Umenipa wewe mwenyewe, mwanangu. Juzi, Jumanne."

"Ya Jumanne ndiyo ya zamani. Mpya zimeingia Jumatano."

"Tofauti yake nini?"

Karani aliziweka zote mbili sambamba, akazikagua. "Hii mpya ina mstari hapa chini," akasema.

Mama Tele alijaza upya, akiandikia kwenye goti. Aliporudi dirishani akaambiwa picha zake hazifai, nyuma yake kuwe na rangi ya bluu. Aliporudi na picha za bluu, akaambiwa barua ya daktari imepitisha siku. Mara ya nne karani alinyoosha mkono bila neno, na Bosi, aliyekuwa ananing'inia kwenye ukingo wa dirisha, akamwambia, "Sema tafadhali." Karani akasema tafadhali. Hiyo ndiyo siku ombi lake lilipopokelewa.

Kozi ilifanyika katika darasa la watoto wa shule ya msingi, kwenye viti vya watoto wa shule ya msingi. Kina mama ishirini, wengine wana miili yao, walikaa magoti yakigusa videvu. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, nadhifu, hana mke wala mtoto, na kila sentensi yake ilianza na "kwa mujibu wa mwongozo". Kufikia Jumamosi ya pili, darasa zima lilishamwita Kwa Mujibu.

"Kwa mujibu wa mwongozo," alisema, "mtoto wa miaka miwili hukataa mambo ili kuonyesha kwamba yeye ni mtu anayejitegemea."

"Kumbe," alisema mama mmoja nyuma. "Mimi nilidhani ananitafuta ubaya."

Alipowaonyesha kumfunga nepi mwanasesere wa plastiki, aliifunga mbele nyuma. Mama Tele aliuma mdomo na kutazama dari. Alikuwa ameacha nguo za kufua, ameacha mgongo unaouma, amekuja kutazama mtoto wa watu akimvisha nepi mdoli kinyume.

Kilichomchosha kuliko vyote ni ukurasa wa kwanza wa jalada. Ulitaka "tamko la mlezi", yaani aeleze kwa maneno yake anavyoamini mtoto anapaswa kulelewa. Aliandika mchana mmoja watoto wamelala: "Mtoto ale, alale, acheze, asiumie, na jioni arudi kwa mama yake anacheka." Aliisoma mara mbili, akaona haikosi kitu. Jumamosi ikarudishwa na wino mwekundu: *Fafanua. Maneno yasiyopungua mia tatu.*

"Mia tatu!" alimwambia mumewe. "Hata nilipoposwa sikusema maneno mia tatu."

"Ulisema," alijibu Fundi. "Mimi ndiye ambaye sikusema."

Aliandika tena, akarefusha, akarudishiwa. *Toa mfano kutoka kwenye kazi yako.* Aliitupa karatasi kwenye droo, akaapa kwamba wiki ijayo haendi. Akaenda.

Jumamosi ya tisa somo lilikuwa usingizi. Mama Tele alikaa karibu na dirisha, amejiandaa kusinzia. Kwa Mujibu alimlaza mwanasesere juu ya meza.

"Mtoto mchanga alazwe chali," alisema. "Kila anapolala, usiku na mchana. Si kifudifudi, wala si ubavu. Na asiwekewe mto wala shuka zito karibu na uso."

Darasa likaguna. Mama mmoja akauliza, "Na akicheua? Si atapaliwa?"

"Hapaliwi. Akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo anachocheua kinarudi chini. Akilala kifudifudi ndiyo hatari zaidi. Anaweza kukosa hewa akanyamaza kimya, na aliye chumba cha pili asijue."

Usingizi ulimtoka Mama Tele. Yeye wote aliwalaza kifudifudi. Mama yake alimfundisha hivyo, na mama yake alifundishwa hivyo, kwamba mtoto akilalia tumbo hashtuki, na gesi humtoka. Miaka kumi na tisa. Akanyoosha mkono.

"Hilo limejulikana tangu lini, mwalimu?"

"Miaka mingi, mama. Zaidi ya thelathini."

Mama Tele akaacha kusikia somo. Alikuwa anamfikiria mtoto mmoja. Ilikuwa ni miaka kumi iliyopita, mchana, joto kali, naye alikuwa jikoni. Hakuweza kusema ni nini kilichomrudisha chumbani. Alimkuta uso umezama kwenye blanketi, midomo imekuwa ya rangi isiyokuwa yake. Alimnyakua, akampiga mgongoni, akampulizia, na mtoto akavuta pumzi akalia. Jioni alimwambia mama wa mtoto kwamba mwanawe alikuwa na mafua kidogo. Mtoto huyo sasa alikuwa darasa la nne, anapita mlangoni kila siku na begi lake, anasalimia. Na mdogo wake ndiye yule mchanga ambaye Mama Tele alimbeba mgongoni mpaka dirisha namba tatu. Mama yao alikuwa yule mfanya usafi.

Wenzake walipotoka, alimfuata Kwa Mujibu mezani.

"Miaka thelathini mnalijua," alisema. "Mimi nalea watoto miaka kumi na tisa, nyumba yangu iko barabarani, mlango wangu uko wazi. Hakuna aliyekuja kunigongea akaniambia mama, wageuze hao watoto. Mmenikumbuka leo, na mmenikumbuka kwa fomu."

Kijana alianza, "Kwa muji…" akaacha. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Ni kweli, mama," akasema. "Ulitakiwa uambiwe."

Mama Tele alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na ubishi haukuja. Akabeba mkoba wake akarudi nyumbani kwa miguu, njia nzima anaongea peke yake. Aliikasirikia barua, akamkasirikia karani, akawakasirikia watu wote walioketi mahali wakijua jambo na kulikalia. Kwa mama yake hasira ilimshinda, kwa sababu alikuwa marehemu na alifanya alichojua.

Jumatatu mchana alimlaza mchanga chali. Mtoto akarusha mikono, akashtuka, akalia, akabembelezwa, akalala, akashtuka tena. Mama Tele alikaa kwenye kiti kando ya kitanda saa nzima, jalada magotini, na hapo ndipo alipoandika tamko. Hakuhesabu maneno. Aliandika yote: joto, blanketi, midomo, uongo wa mafua. Mwishoni aliandika, "Sikujua. Sasa najua. Asiyejua si lazima awe mbaya, lakini mtoto hajui tofauti." Kwa Mujibu aliipokea Jumamosi, akaisoma amesimama. Haikurudi na wino mwekundu.

Jalada lilikuwa bado linadai kitu kimoja, fomu za maoni ya wazazi. Wengi walijaza mlangoni, wima, funguo mkononi. Mfanya usafi alikaa chini kabisa, maana miguu ilikuwa imemchoka, akaanza kujibu swali baada ya swali huku akiyasoma kwa sauti.

"Je, umewahi kuwa na wasiwasi juu ya usalama wa mtoto wako hapa?" Akacheka. "Hapa? Labda Bosi amfukuze kazi." Akainamisha kalamu aandike hapana.

"Mdogo wangu, subiri," alisema Mama Tele.

Angeweza kumwacha aandike. Alishafikiria hilo wiki nzima, kwamba mtoto mzima, anasoma, anacheza mpira, kuna haja gani. Lakini alishasema subiri. Akamweleza. Alimweleza kama alivyoandika, bila kujipaka mafuta, mpaka kwenye mafua ambayo hayakuwapo.

Mwanamke yule alimsikiliza macho yakiwa kwenye fomu. Mama Tele alipomaliza, mwenzake aliweka kalamu chini, akasimama, akamchukua mtoto wake na begi lake, akatoka.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Mama Tele alimwaga uji, akamfokea Bosi bila sababu, akamwomba radhi Bosi, akaichoma mboga.

"Nilikuwa na haja gani?" alimuuliza mumewe. "Si ningenyamaza tu. Nimenyamaza miaka kumi, ningeshindwa na mingine kumi?"

Fundi aliitoa lenzi jichoni. "Ulikuwa umeshindwa," akasema. "Ndiyo maana umesema."

Siku ya nne, alfajiri, mlango uligongwa. Mfanya usafi alikuwa amesimama na mtoto na begi, macho mekundu.

"Nilikasirika," alisema. "Bado nimekasirika, nisikudanganye. Umenificha miaka kumi."

"Nimekuficha."

"Halafu jana nikamlaza huyu. Nikamtazama. Nimemlaza kwa tumbo, dada. Mimi mwenyewe, nyumbani, kila siku, na kazini kwangu ni hospitali, nafuta sakafu mbele ya picha ya mtoto amelala chali ukutani. Sijawahi kusimama kuisoma." Akamkabidhi mtoto, na fomu iliyokunjwa mara nne. "Nachelewa."

Kwenye lile swali alikuwa ameandika: *Ndiyo, mara moja. Ameniambia mwenyewe.*

Baada ya hayo, Mama Tele aliamini kilichobaki ni kupita tu. Siku ya ukaguzi akapiga deki mpaka kwenye kona za kabati, akabandika ratiba ukutani, akawavalisha watoto nguo safi. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya kutembelea, si wa maneno mengi. Alikaa pembeni na ubao wake wa kuandikia.

"Leo tumeambiwa tusipigane," Bosi alimtaarifu.

Mkaguzi akaandika.

Hadithi ikaenda vizuri. Kuchora kukaenda vizuri. Kisha Mama Tele akatoa maharage makavu kwa ajili ya kuhesabu, maana kitabu cha kozi kilisema watoto wahesabu kwa vitu wanavyoshika. Watoto wakahesabu, sebule ikajaa moja, mbili, saba, tano. Katikati ya makelele hayo akasikia kimya. Kilitoka kwa mtoto wa dereva wa lori, wa miaka mitatu, aliyeitwa Kimbunga, na Kimbunga hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa amekaa wima, macho yamemtoka, kidole puani.

"Umeingiza ngapi?" aliuliza Mama Tele kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kimbunga akaonyesha kidole kimoja.

Alimweka magotini, akalibana tundu la pua lililo wazi. "Funga mdomo. Sasa puliza kwa pua, kwa nguvu, kama unazima mshumaa." Kimbunga akapuliza. Harage likatoka na vyote vilivyokuwa nyuma yake, likatua kwenye ubao wa mkaguzi. Watoto wakapiga makofi. Mama Tele akamfuta pua kwa khanga yake, akayakusanya maharage yote, akatazama saa, akaona wakati wa matunda umefika, akaanza kumenya ndizi na kuwagawia. Moyoni alikuwa anajipongeza. Hakuna aliyelia. Na aandike hilo.

Mkaguzi aliandika muda mrefu. Watoto walipolala, alimwita mezani.

"Dada, hujafaulu leo. Nitarudi baada ya wiki nne."

Mama Tele alidhani amesikia vibaya. "Sijafaulu nini? Harage halikutoka?"

"Lilitoka. Halikutakiwa kuingia. Kitu kidogo hivyo hakipewi mtoto wa miaka mitatu."

"Kimo kwenye kitabu chenu."

Mkaguzi alikifungua kitabu, akakigeuza kumwelekea, akaweka kidole. *Vitu halisi visivyoweza kuingia mdomoni wala puani, kwa mfano vifuniko vikubwa.* Mama Tele aliusoma mstari huo mara tatu. Siku ile vifuniko alivikosa, maharage yakawa karibu.

"La pili, ulimfuta kamasi ukamenya ndizi. Hukunawa."

"Nimewatia ndizi mdomoni miaka kumi na tisa, hajafa mtu."

Maneno yalipomtoka, akayasikia. Mkaguzi alikuwa amelisoma jalada, tamko na fomu na vyote, na wote wawili walijua hivyo. Mama Tele akafunga kitabu.

Jioni aliwasimulia mashtaka yote mumewe na kuta za jikoni. Serikali ya makaratasi, alisema. Watu wa kuvizia. Mtu anaokoa mtoto, wanamhesabia vidole.

"Na mikono je?" aliuliza Fundi.

"Mikono imefanya nini?"

"Ulinawa?"

Alisugua sufuria kwa muda. "Sikunawa," akasema, na akaendelea kuisugua sufuria hiyohiyo iliyokwisha kung'aa.

Wiki nne zile nyumba haikukalika. Alinunua sabuni, akaweka ndoo yenye bomba mlangoni, na hakuna aliyekula wala kushika mtoto bila kupita hapo. Fundi alinawa mpaka mafuta ya saa yakamtoka kwenye kucha kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Mkaguzi aliporudi, Bosi alimzuia kizingitini, mikono kiunoni. "Umenawa?" Mkaguzi akaweka ubao chini, akanawa, Bosi akamkagua viganja, ndipo akaruhusiwa kuingia. Siku hiyo hakuna lililotokea. Watoto walihesabu vifuniko, wakala, wakalala, mchanga amelala chali mikono juu. Mkaguzi alipeana naye mkono akisema, "Umefaulu, mlezi," na Mama Tele, aliyekuwa amejiandaa kukata rufaa, akaishia kumshukuru.

Cheti kilifika baada ya miezi miwili, katika bahasha ngumu, na muhuri na sahihi mbili. Fundi alikisoma kwa lenzi. Akakisoma tena. Mabega yakaanza kumcheza.

"Nini?" aliuliza Mama Tele.

"Wamekuandika Bwana."

Kwa hiyo akarudi dirisha namba tatu. Karani alikitazama cheti, akamtazama yeye, akakitazama cheti. "Ni kweli kuna kosa," alikiri. "Kuna fomu ya marekebisho. Na ulete kitambulisho, kuthibitisha."

"Kuthibitisha kwamba mimi si bwana?"

"Ndiyo utaratibu, mama. Tafadhali."

Alipewa namba, akaenda kukaa kwenye benchi, akaweka fomu kwenye goti. Kando yake alikaa mwanamke mdogo kwake kwa umri, mtoto wa watu mgongoni, mkononi amekunja ile barua. Alikuwa anahema kwa hasira.

"Hata wewe wamekuletea hii?" alimuuliza. "Nalea miaka sita, sijawahi kulalamikiwa na mtu. Wana lipi la kunifundisha?"

"Mengi ni makaratasi tu," alisema Mama Tele. "Yatakuchosha, nisikudanganye. Hilo dirisha litakuzeesha." Akafunga kalamu. "Lakini yapo mawili matatu. Una wachanga wangapi?"

"Wawili, na huyu."

"Wakilala, unawalazaje?"

Dirishani karani aliita namba yake. Akaita mara ya pili, kwa sauti zaidi.

"Subiri kwanza, mwanangu," alimjibu Mama Tele bila kugeuka, na akasogea karibu zaidi na yule mwanamke. "Naongea na mtu."